Ikifika magharibi anakaa chini: kisa cha tumbo na macho, Kaskazini Pemba

“Ikifika magharibi anakaa chini, daktari. Hachezi tena mpaka kuche.”

Mama mmoja aliniambia maneno hayo ndani ya kituo chetu cha afya, wilaya ya Micheweni, siku ya kumi na moja tangu mwanawe aanze kuharisha. Niliyasikia vizuri. Kwenye daftari nikaandika: “Mtoto amelegea.” Baada ya siku saba mtoto yule yule akarejeshwa, uso umezamishwa kifuani kwa mama yake, macho hayafunguki. Kisa hiki, cha upungufu wa vitamini A, nakiandika kwa ajili ya siku saba zile. Mambo machache ya familia nimeyabadilisha wasije wakatambulika. Mwenendo wa maradhi nimeuacha kama ulivyokuwa.

Mtoto mwenyewe

Ni mtoto wa kiume wa miezi 20, wa tatu kuzaliwa. Baba ni mvuvi na siku zile alikuwa dago, yaani kwenye kambi ya wavuvi. Mama analima mwani. Maji ya bamvua yakitoka huondoka na wenzake asubuhi, akarudi adhuhuri imeshapita, na mtoto hubaki kwa bibi mzaa baba. Alinyonya hadi miezi 14. Mama alipojijua ana mimba, ziwa likakatwa, kwa sababu kwetu maziwa ya mwenye mimba huhesabiwa kuwa yameharibika na humdhuru anayenyonya. Hayamdhuru. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na mimi ni mmoja wa waliokuwa na nafasi ya kumwambia.

Hazikupita wiki tatu akaharisha kwa mara ya kwanza. Bibi akasema kabemendwa, jirani akasema anaota magego. Tumbo likatulia lenyewe. Mara ya pili ilikuwa Disemba, kambini. Mwaka ule mikarafuu ilizaa, na karafuu zikizaa Pemba watu wanahama: nyumba hufungwa, masufuria na mikeka hubebwa, familia ikakaa kambini mpaka zichumwe na kuanikwa. Maji yalikuwa ya kisima kifupi cha bondeni, na choo hakikuwepo. Akaendesha siku tisa. Mara ya tatu ilianza mwishoni mwa Januari, wameshamaliza kambi na kurudi kwao, na mara hii tumbo halikufunga.

Siku ya nne alionwa na mwenzangu, akampa alichostahiki: paketi za chumvichumvi, na zinki miligramu 20 kwa siku. Siku ya kumi na moja nikamwona mimi. Nilibana ngozi ya tumbo, ikarudi upesi. Nilimpa maji, akanywa. Kinyesi hakikuwa na damu. Uzito ulikuwa umeshuka, nikajiambia ni maji tu, yatarudi. Nikaongeza metronidazoli ambayo hakuihitaji, maana mama alishatembea mara mbili na niliona vibaya kumrejesha mikono mitupu. Alipokwisha kusimama, anamfunga mtoto mgongoni, ndipo akasema lile neno la magharibi.

Mtoto wa miezi 20 hawezi kusema “sioni”. Tabia yake ndiyo inayosema. Mchana anatembea, anafukuza kuku, anapanda baraza. Jua likizama anakaa palepale lilipomkuta. Akiitwa analia, haifuati sauti. Sahani ikiwekwa mbele yake anaipapasa. Akibebwa anang'ang'ania shingo ya aliyembeba. Nyumbani kwao waliyaona yote hayo, tena kwa muda wa wiki tatu hivi. Bibi alidhani ni uoga. Baadaye ikasemwa huenda amekumbwa na kitu kule msituni kambini, akasomewa. Siwalaumu hata kidogo. Wao walikuwa na maelezo yao na waliyafanyia kazi, na juu ya hayo mama akalichukua lile jambo akalileta spitali, mahali panapotakiwa kuwa na maelezo mengine.

Siku ya kumi na nane

Walikuja wote wawili, mama na bibi. Mwanga wa dirishani ulimfanya mtoto apige kelele. Nikashusha pazia, nikanawa mikono, nikangoja anyamaze. Jicho la mtoto wa namna hii halifunguliwi kwa nguvu. Kioo cha mbele cha jicho, konea, kinaweza kuwa kimelainika kiasi kwamba kidole kikibonyeza kope kinapasuka, na jicho linakwisha mikononi mwa anayetibu. Mama alimpa kijiko cha uji. Akafungua mwenyewe kwa sekunde chache, zikanitosha.

Jicho la kulia, kwenye weupe wake upande wa sikio, lilikuwa na kiraka cha pembetatu chenye povu kavu, mfano wa povu la sabuni lililogandia ukingoni mwa beseni. Haya ni madoa ya Bitot, yanaitwa hivyo kwa jina la Pierre Bitot, daktari wa Bordeaux aliyeyaeleza mwaka 1863. Weupe wenyewe ulikuwa mkavu na umekunjamana. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda mbali zaidi. Nilipolimulika kwa tochi, konea haikurudisha ile nukta kali ya mwanga. Mwanga ulitawanyika, kama kwenye kioo kilichopuliziwa pumzi. Chini yake, karibu na kope, palikuwa na kishimo cha kijivu kisichozidi kichwa cha pini.

Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ulisoma sentimita 11.3. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Siku ya kumi na moja sikuutoa utepe mfukoni.

Kabla sijapiga simu ya gari nilikata ncha ya kidonge chekundu cha vitamini A, yuniti 200,000, nikamkamulia mdomoni. Dozi hii haingoji rufaa. Mwenye dalili za jicho hupewa hapo hapo alipoonekana, hata kama kadi inasema alipata nyingine juzi: yuniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi sita, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Hurudiwa kesho yake, na mara ya tatu baada ya wiki mbili.

Kadi

Kadi niliisoma gari lilipokuwa njiani. Ilikuwa safi, imetunzwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Chanjo zote za mwaka wa kwanza zilikuwepo, na surua ya miezi tisa imo. Safu ya vitamini A ilikuwa na alama moja: Disemba ya mwaka alipozaliwa, alipotimia miezi sita, kidonge cha bluu. Juni iliyofuata mama alikuwa kwao, upande wa Wete, msibani. Disemba ya pili walikuwa kambini, na surua ya miezi 18 nayo ikapotea huko huko.

Miezi 14 bila dozi. Ukitaka kujua hiyo ina maana gani, fanya hesabu ndogo. Kidonge chekundu kina miligramu 60 za retinoli, yaani vitamini A yenyewe, sawa na mikrogramu 60,000. Mtoto wa umri huu anahitaji mikrogramu 300 hadi 400 kwa siku. Gawanya: siku 150 hadi 200. Kwa hiyo ile ratiba ya kila miezi sita haikutoka hewani. Ni muda ambao ghala la ini linaweza kumvusha mtoto ambaye chakula chake hakitoshi. Tena hiyo ni hesabu ya karatasini, ya mtoto asiyeharisha. Wetu alikuwa amepata kidonge cha bluu, nusu ya hicho, na ziwa la mama ambalo ndilo lililokuwa likimwongezea lilishakatwa.

Hapa nina neno moja na wanaopanga ratiba. Ugawaji wa Juni na Disemba ni mzuri, nyumba kwa nyumba na kituoni, na wahudumu wa jamii hujitahidi sana. Lakini mwaka wa karafuu, Disemba ya Pemba haiko majumbani. Timu ikigonga milango ya shehia ikaikuta imefungwa, watoto waliokosekana ndio wale wale wanaokunywa maji ya bondeni. Kambi zinajulikana, masheha wanazijua. Zifuatwe.

Tumbo lilivyofika jichoni

Bibi aliniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi baadaye: “Mwanangu, huyu anaumwa tumbo. Macho yameingiaje?”

Vitamini A hubebwa na mafuta. Mtu akila ini, yai, dagaa au mchicha uliotiwa tui, mafuta ya chakula huichukua hadi kwenye utumbo mwembamba, ikanyonywa pamoja nayo, ikapelekwa kwenye ini na kuwekwa akiba. Ini ndiyo ghala. Sehemu kubwa ya vitamini A ya mwili iko humo. Kutoka hapo haitoki peke yake. Inahitaji protini maalumu ya kuibeba kwenye damu hadi jichoni, na protini hiyo hutengenezwa na ini lenyewe, kwa kutumia protini ya chakula na zinki.

Sasa mtazame mtoto wetu. Utumbo unaoharisha kwa wiki unakuwa umechubuka, vile vinyweleo vyake vya kunyonya chakula vimelala, na chakula kinapita mbio. Mafuta hayanyonyeki vizuri, na kilichobebwa na mafuta kinapotea nayo. Zinki inatoka na kinyesi. Protini haiingii ya kutosha, hivyo hata akiba ndogo iliyobaki ghalani inakosa mchukuzi. Na homa ikija, mwili unatumia vitamini A nyingi zaidi na nyingine inavuja kwenye mkojo, jambo ambalo kwa mtu mwenye afya halitokei.

Kisha kuna chungu. Nilimuuliza bibi mtoto alikula nini tangu tumbo lianze, akanijibu kwa uaminifu kabisa. Mboga ya majani walimwondolea, kwa kuwa inalainisha tumbo. Samaki wakamwondolea, kwa kuwa wana shombo. Tui nalo ni zito. Akabaki na uji mweupe wa muhogo, chai ya rangi na boflo, yaani mkate. Kila kimoja kiliondolewa kwa huruma. Lakini muhogo mweupe, mchele na boflo havina vitamini A, na mtoto alifungiwa mlango wa mwisho na watu wanaompenda. Nyuma ya nyumba ile ile kuna mpapai, kuna kisamvu, kuna boga limelala chini ya mnazi.

Jicho linapopungukiwa huanza kuacha kazi ya usiku. Ndani yake, kwenye pazia la nyuma, mna seli zinazotumia vitamini A kutengeneza rangi inayopokea mwanga hafifu, rodopsini. Rangi ikikosekana, mchana anaona, magharibi haoni. Baadaye seli zinazotoa ute kwenye weupe wa jicho zinakufa, weupe unakauka na kuwa kama ngozi ya mkono, ndipo povu la Bitot linapojitokeza. Mwisho ni konea: inakauka, inachimbika, inayeyuka. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili zinaweza kupita wiki nyingi. Kutoka kukauka kwa konea hadi kuyeyuka inaweza kuwa siku mbili tatu, hasa ikitokea surua au kuharisha kukali katikati. Ndiyo maana dalili ya magharibi ina thamani kubwa: inakuja mapema, bado kuna nafasi, na haihitaji kifaa chochote, inahitaji mtu wa kuuliza.

Na njia hii ina kurudi. Ngozi laini ya utumbo nayo inategemea vitamini A kujijenga upya. Aliyepungukiwa anaharisha kwa urahisi zaidi, akiharisha anapungukiwa zaidi. Mtoto wetu aliharisha mara tatu ndani ya miezi sita, na kila mara ilikuwa ndefu kuliko iliyopita. Mimi niliona maradhi matatu ya tumbo.

Aliyeufumbua uhusiano huu kwa takwimu alikuwa daktari wa macho. Alfred Sommer, Mmarekani, alifuatilia maelfu ya watoto Indonesia miaka ya 1970 akichunguza upofu. Alipozichambua tena takwimu zake aliona kitu ambacho hakukitafuta: watoto wenye dalili nyepesi tu za macho, kutoona usiku au madoa ya Bitot, walikuwa wakifa kwa kiwango cha mara nne ya wenzao. Aliyachapisha hayo mwaka 1983. Mwaka 1986 jaribio la Aceh, huko huko Indonesia, likaonyesha kwamba vidonge viwili kwa mwaka vilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 34. Majaribio yaliyofuata nchi nyingine yalitoa tofauti ndogo au kubwa kuliko hiyo, lakini mwelekeo ulibaki. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba watoto 250,000 hadi 500,000 hupofuka kila mwaka kwa upungufu huu, na nusu yao hufariki ndani ya miezi 12 baada ya kupoteza macho. Hiyo nusu haifi kwa macho. Inakufa kwa kuharisha, kwa surua, kwa kifua. Mama aliposema mwanawe haoni magharibi, alikuwa ananiambia pia kwamba mwanawe yuko karibu na kifo, ingawa yeye hakujua na mimi sikusikia hivyo.

Kuna sababu moja ya kwa nini wengi wetu hatusikii, na naiona iko kwenye karatasi tunazofuata. Swali la macho limekaa kwenye ukurasa wa surua. Mtoto wa surua tunamfungua macho, tunatafuta ukungu na usaha. Mtoto wa kuharisha tunabana ngozi, tunatazama kama macho yameingia ndani, tunampa maji. Tunayatazama macho yake, lakini tunatafuta ukosefu wa maji tu. Kuharisha kukifika siku 14 tunatakiwa tukiite kwa jina jingine na tumpe vitamini A, zinki na madini mengine. Kabla ya siku hizo, kila kitu kinategemea mhudumu anauliza nini zaidi.

Hospitali, na yaliyotiwa jichoni

Hospitali alikopelekwa kulikuwa na kitengo cha macho. Walimtia rangi inayokifanya kidonda king'ae kijani, wakathibitisha kidonda kidogo cha konea ya kushoto, hakijafika katikati. Walimpa dawa ya kupaka ya kuzuia vijidudu, matone ya atropini, na kikinga jicho kigumu kisichogusa kope. Kwa utapiamlo walianza maziwa maalumu kidogo kidogo usiku na mchana, antibiotiki ya mwili mzima, baadaye chakula dawa. Dozi ya pili ya vitamini A ikatolewa siku iliyofuata.

Bibi aliomba apewe na dawa ya damu, kwa kuwa viganja vilikuwa vyeupe. Muuguzi alimjibu “bado, bi mkubwa”, na jibu hilo lina historia hapa hapa kisiwani. Utafiti mkubwa uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kuwapa watoto wote madini ya chuma na foliki asidi mahali penye malaria nyingi, bila kuchagua nani anahitaji, kuliongeza kulazwa na vifo. Kwa mwenye utapiamlo mkali chuma husubiri mpaka aanze kupona. Wazazi wa Pemba waliokubali watoto wao washiriki utafiti ule waliibadilishia dunia mwongozo. Ni haki wajukuu zao watibiwe kwa kilichojifunzwa.

Jioni ya pili wodini ndipo bibi aliponiambia lile alilolificha. Macho yalipoanza kuwa mekundu alitwanga majani akayachuja, akamtia matone. Mchana wake akaleta chupa ya dawa ya macho iliyobaki kwa jirani, ikatumika siku tatu. Nikaiomba chupa nikaisoma: ilikuwa na steroidi. Matone ya namna hiyo hutuliza wekundu na kumfanya mwenye jicho aonekane kapata nafuu, huku kidonda kinazidi kuchimbika chini yake. Kuhusu majani, daktari wa macho Allen Foster na huyo huyo Sommer walipowachunguza watoto wa Tanzania wenye vidonda vya konea na kuchapisha mwaka 1987, dawa za kienyeji za macho zilikuwa miongoni mwa visababishi, sambamba na surua na upungufu wa vitamini A. Bibi aliinama. Nikamwambia bi mkubwa, mimi niliambiwa magharibi haoni nikampa dawa ya tumbo. Tuinuke sote wawili. Baada ya hapo akawa ndiye mwalimu wa wodi, anawaambia kina mama wengine chochote kisitiwe jichoni, hata maziwa ya mama, hata wanja.

Swali lake jingine lilinifurahisha kwa ukali wa akili yake. Aliposikia kwamba vitamini hii hukaa kwenye ini, akasema: “Basi si ile sifa tunayopakia chombo? Lile dumu la ini la papa liko nyumbani. Tumpe?” Sifa ni mafuta hayo ya ini la papa, na alikuwa sahihi kuhusu dawa iliyomo. Mafuta ya ini la samaki ni ghala kweli, na yapo madumu pwani yote yakilinda mbao za mashua. Lakini sifa haina kipimo. Ini la papa mmoja linaweza kuzidi la mwingine kwa mbali sana, na vitamini A ikizidi nayo ni sumu: kutapika, kichwa kuvimba utosini kwa mtoto mchanga, ini kuumia. Tena sifa ya chombo imekaa juani miezi. Nikamwambia iachwe kazini kwake. Dagaa wanatosha, wakiliwa wazima na vichwa vyao. Kipande cha ini la ng'ombe cha gramu 30, robo ya kiganja, kina zaidi ya mikrogramu 2,000, karibu mahitaji ya wiki nzima ya mtoto yule. Na majani yale ya nyuma ya nyumba yapikwe yaive, yasagwe kwa mwiko, yatiwe tui, kwa sababu bila mafuta vitamini yake inapita tu.

Usiku wa tatu umeme ulikatika. Taa ya dharura ilikuwa mwisho wa wodi, kitanda chao kiko kwenye giza giza. Mama alikuwa ameweka biskuti kwenye ukingo wa kitanda. Mtoto, jicho moja limefunikwa, akanyoosha mkono akaichukua moja kwa moja, hakupapasa. Dawa hii ndivyo inavyofanya kazi kwa upofu wa usiku, siku moja au mbili zinatosha; lakini kuisoma kitabuni ni jambo moja, na kumsikia mama akimwita mkwewe kwa sauti ile ni jambo jingine. Povu la jicho la kulia lilichukua wiki mbili kuisha. Tumbo lilifunga siku ya sita. Kushoto pamebaki kovu dogo jeupe, chini, nje ya njia ya mboni. Anaona kwa macho yote mawili.

Siku ya kumi na nne

Walirudi kituoni kwetu kwa dozi ya tatu, siku kumi na nne baada ya ile ya kwanza. Utepe ulisoma sentimita 11.9. Mama mimba ilikuwa imeshakua, zimebaki wiki chache. Nikakamua kidonge, mtoto akakunja uso, akameza. Mama akacheka, kisha akauliza kama na yeye anaweza kupewa kimoja, maana uchovu umemzidi.

Nikamwambia hapana, na hili ni la kusisitizwa kwa kila mwenye kidonge chekundu mkononi: mwenye mimba hapewi dozi ile. Vitamini A nyingi kwa mkupuo inaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Nilikuwa nafunga daftari. Halafu nikaliona lile neno nililoliandika mwezi uliopita, “amelegea”, kwenye ukurasa wa nyuma yake, nikauliza:

“Na wewe, dada, magharibi unaona?”

Akanyamaza. Akamtazama mkwewe, akatazama chini.

“Si kila mwenye mimba huwa hivyo?”

Bibi aligeuka. Akasema siku hizi mkamwanawe hapakui chakula cha usiku. Kikishaiva anakaa kwenye mkeka, anasema yeye apakue. Alidhani ni uvivu wa mimba, akawa anapakua yeye na kununa kimoyomoyo. Mama akaeleza taratibu: kwa wiki nyingi akiingia jikoni baada ya magharibi hakioni chungu, ameshaungua mkono mara mbili. Mimba iliyopita ilikuwa hivyo hivyo, akazaa, ikaondoka. Mama yake na dada zake nao walikuwa hivyo. Hakuwahi kuhesabu kuwa ni maradhi.

Kwa hiyo ziwa alilolinyonya mtoto wetu kwa miezi 14 lilitoka kwenye ghala ambalo nalo lilikuwa karibu tupu. Kisa nilikuwa nimekianza katikati.

Mwenye mimba asiyeona usiku hutibiwa kwa dozi ndogo, isiyozidi yuniti 10,000 kwa siku au 25,000 kwa wiki, pamoja na chakula. Sisi kituoni hatukuwa nayo. Hospitali ikampatia ya kila wiki. Nilimpima damu, nikaandika jina lake kwenye orodha ya wa kufuatiliwa baada ya kujifungua, na mara hii katika daftari nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyafasiri. Mhudumu wa jamii aliahidi kuwatembelea kila Alkhamis.

Alkhamis ya pili alirudi na salamu kutoka kwa bibi: “Mwambieni daktari, mkamwanangu jana kapakua mwenyewe.”